Wakala wa kupakua mafaili anakosea "saa sita usiku": maelezo ya zana niyaandikeje?

mwl_kemia_njombe

Habari zenu wakuu.

Mimi nafundisha kemia na ndiye msimamizi wa chumba cha kompyuta kwenye shule ya sekondari mkoani Njombe. Tuna kompyuta 18 na seva moja ya zamani iliyokaa kwenye kona ya stoo ya vitabu. Intaneti yetu ni ruta yenye laini ya simu, kwa hiyo vitu vizito tunavipakua usiku, bando la usiku likishaanza saa sita, mpaka saa kumi na moja alfajiri. Programu inayopakua ni aria2. Vinavyopakuliwa ni mafaili ya Kiwix, yaani Wikipedia na vitabu vinavyosomeka bila intaneti, pamoja na video za masomo.

Nimeandika programu ndogo kwa Python inayomwezesha wakala wa akili mnemba kuiendesha aria2. Nilitaka walimu wenzangu wasiojua amri za terminali waandike tu kwa Kiswahili chao wanachokitaka. Nimempa zana saba, yaani kazi saba anazoweza kuziita, kila moja na maelezo yake mafupi. Kodi ya programu haina tatizo, nimeijaribu zana moja moja kwa mkono wangu. Tatizo linaanza pale wakala anapochagua zana gani atumie na ajaze nini.

La kwanza. Mwalimu wa jiografia aliandika: "Weka ile ensaiklopidia ishuke saa sita usiku." Wakala akajibu kwa adabu kwamba amepanga. Kumbe ameandika 06:00. Ikaanza saa kumi na mbili asubuhi, bando la mchana ambalo ndilo la ofisi likaisha kabla ya saa nne. Mkuu wa shule alikuwa na taarifa ya kutuma siku hiyo, akalazimika kutumia bando la simu yake mwenyewe. Iliniuma, maana mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu kwamba kitu hiki kitawasaidia.

La pili. Mwalimu wa hisabati alimpa viungo vitatu vya video tatu tofauti. Asubuhi tulikuta video moja. Wakala alikuwa ameripoti: "Video zote tatu zimepakuliwa."

La tatu. Niliandika mwenyewe: "Shusha kasi iwe 500." Nilimaanisha kilobaiti. Usiku mzima faili halikusogea hata asilimia moja.

Maelezo niliyompa yako hivi:

```
ongeza: Inaongeza upakuaji.
   viungo: orodha ya viungo
panga_muda: Inapanga muda wa kuanza.
   muda: muda wa kuanza
weka_kasi: Inaweka kasi ya kupakua.
   kasi: kasi
futa: Inafuta upakuaji.
   id: id ya upakuaji
orodha: Inaonyesha upakuaji unaoendelea.
```

Mbili zilizobaki ni za kusimamisha na kuendeleza, nazo nimeziandika vivyo hivyo.

Nauliza: maelezo ya zana yanatakiwa yawe na nini hasa? Na je, niyaandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Kuna aliyeniambia modeli zinaelewa Kiingereza tu kwenye sehemu hiyo.

---

dada_seva_tanga

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa bando. Mimi kazi yangu ni kutunza seva, na mwaka huu karibu nusu ya muda wangu umekwenda kwenye jambo hili hili: kuandika maneno ambayo wakala atayasoma kabla hajagusa kitu. Nitaandika kirefu kwa sababu makosa yako matatu ni ya aina tatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Nilipokuwa mdogo mama alinituma dukani: "Kalete mafuta nusu lita." Nikarudi na mafuta ya taa, naye alikuwa na kikaango tayari jikoni. Sikuwa mkaidi, wala mwenye duka hakukosea. Neno lilikuwa na maana mbili, na mimi nilikuwa sioni jiko. Wakala wako haoni stoo yenu ya vitabu, haoni ruta, hajui kwamba bando la mchana ni la ofisi. Anachokiona ni sentensi ya mwalimu wa jiografia na yale maneno matatu uliyoandika, "muda wa kuanza". Pengo lililobaki kati ya hayo mawili analijaza kwa kukisia, na mara nyingi anakisia kama kitu kilichosoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili.

Nianze na viungo vitatu, maana hapo pana hatari kuliko unavyodhani. Njia ya aria2 inayoitwa `aria2.addUri` inapokea orodha ya viungo, lakini viungo vyote katika orodha moja vinatakiwa vielekeze kwenye faili lile lile moja. Orodha ipo kwa ajili ya seva za nakala: faili moja la Kiwix linaweza kuwa kwenye seva kadhaa, ukaipa aria2 anwani zote, nayo ikachota vipande kutoka kila upande. Ukichanganya mafaili tofauti, mwongozo wa aria2 wenyewe unaonya kwamba upakuaji unaweza kushindikana au faili likaharibika bila aria2 kulalamika. Zingatia hapo: bila kulalamika. Wewe uliandika "orodha ya viungo", mwalimu akaleta viungo vitatu, wakala akaona orodha, akaijaza. Mtu yeyote angefanya hivyo.

Ningeandika hivi:

```
pakua_faili_moja
Inaweka faili MOJA kwenye foleni ya aria2.
Mtumiaji akitoa viungo vya mafaili matatu, ita zana hii mara tatu.
   anwani_za_faili_hili: anwani moja au zaidi, ZOTE za faili
   lile lile kwenye seva tofauti. Usiweke hapa mafaili tofauti.
Jibu: kitambulisho cha herufi na tarakimu 16. Maana yake ombi
limepokelewa tu. Faili BADO HALIJAFIKA. Usimwambie mtumiaji
kwamba limepakuliwa mpaka hali_ya_faili ijibu "complete".
```

Tazama jina la kigezo, yaani ile nafasi ambayo wakala anaijaza. Jina linasomwa kila mara, hata maelezo yakiwa marefu kiasi gani, kwa hiyo maana nzito naiweka kwenye jina kwanza. "Viungo" haimwambii chochote. "Anwani_za_faili_hili" ni vigumu kuijaza vibaya.

Na hiyo sehemu ya Jibu ndiyo watu wengi wanaisahau kabisa. Tunaeleza zana inafanya nini, hatuelezi majibu yake yanamaanisha nini. aria2 hurudisha kitambulisho papo hapo, hata kama kiungo chenyewe kimekufa. Wakala akiona jibu limerudi bila kosa anadhani kazi imeisha, ndiyo maana mwalimu wa hisabati akaambiwa "zote tatu zimepakuliwa". Hakuwa anadanganya. Hakuna mahali alipoambiwa tofauti ya kupokelewa na kufika.

Kasi sasa. Kwa aria2, kipimo cha `max-overall-download-limit` ni baiti kwa sekunde, isipokuwa uongeze K au M mwishoni. Kwa hiyo ulipokea baiti 500 kwa sekunde. Faili la gigabaiti 1 kwa mwendo huo lingechukua zaidi ya siku 23. Na kuna mtego mwingine ambao hujaukanyaga bado: 0 maana yake ni hakuna kikomo. Siku mwalimu mmoja akisema "punguza kasi mpaka sifuri kwanza, nina mkutano wa video", wakala ataandika 0 na aria2 itaachia bomba lote. Usimpe baiti kabisa:

```
weka_kikomo_cha_kasi
   kilobaiti_kwa_sekunde: namba nzima, 50 hadi 5000.
Haitumiki kusimamisha. Kusimamisha tumia simamisha_zote.
Kuondoa kikomo tumia ondoa_kikomo_cha_kasi.
```

Kodi yako ndiyo ibandike "K" mwishoni. Ukihamia programu nyingine siku moja, vipimo vinabadilika: Transmission inahesabu kwa kilobaiti, qBittorrent inahesabu kwa baiti. Wakala aliyesoma mtandao mzima amekutana na vyote viwili, atachanganya usipompa kipimo ndani ya jina.

Halafu neno lenyewe ulilotumia, "shusha". Kwetu "shusha faili" ni kupakua na "shusha kasi" ni kupunguza. Mwalimu akiandika "shusha hiyo kidogo kidogo" anataka nini? Kwenye maelezo ya zana zote mbili andika mstari mmoja wa maneno ambayo watu wenu huyatumia: "Watumiaji husema: pakua, shusha, download, vuta." Na kwenye ya kasi: "Watumiaji husema: shusha kasi, punguza spidi, bana." Hilo limenisaidia kuliko kueleza kwa nadharia.

"Futa" ndiyo iliyonitia hofu nilipoisoma. Kwa Kiswahili "futa" inabeba kukatisha upakuaji, kuliondoa jina kwenye orodha, na kufuta faili lenyewe kwenye diski. `aria2.remove` inakatisha tu; kilichokwisha kupakuliwa kinabaki kwenye diski. Kwa hiyo mwalimu akisema "futa ile, diski imejaa", wakala ataita futa, atajibu nafasi imepatikana, na nafasi haijapatikana. Ukiwa na programu nyingine inakuwa kinyume chake, maana zile nyingine mbili nilizozitaja zina chaguo la kufuta na data pamoja. Tenganisha: `katisha_upakuaji` na `futa_faili_kwenye_diski`. Ya pili iandikwe wazi kwamba haina kurudi nyuma na kwamba lazima mtumiaji ataje jina la faili kwanza.

`Orodha` nayo: kama umeiunganisha na `aria2.tellActive` pekee, inaonyesha yanayoendelea tu. Yaliyosimamishwa na yanayosubiri yako kwenye `tellWaiting`, yaliyokwisha au kushindwa yako kwenye `tellStopped`. Mchana, umesimamisha yote kwa sababu ya bando, mwalimu atauliza "ile ya kwangu ipo?" na wakala atamjibu hakuna kitu. Usimwachie wakala kazi ya kujua tofauti hiyo. Ita zote tatu ndani ya kodi, rudisha orodha moja.

Sasa saa. Mwanzo niliandika maelezo ya kufundisha: "Mtumiaji anahesabu saa kwa Kiswahili, ongeza au ondoa sita." Ilipatia mara nyingi, ila siyo zote, na yako ni bando la shule. Nikaacha kumwomba wakala afanye hesabu. Sasa ananakili tu maneno ya mtumiaji:

```
panga_kuanza
   saa: 1 hadi 12, kama mtumiaji alivyoitamka kwa Kiswahili.
        "saa sita" ni 6. Usibadilishe, kodi itabadilisha.
   dakika: 0 hadi 59. "na nusu" ni 30, "na robo" ni 15,
        "kasorobo" ni 45 ya saa iliyotangulia.
   kipindi: alfajiri | asubuhi | mchana | alasiri | jioni | usiku
Mtumiaji asipotaja kipindi, muulize. Usikisie.
Jibu: muda kwa saa 24 na muda uliobaki. Mrudishie mtumiaji yote mawili.
```

Sita na usiku, kodi inatoa 00:00. Kumi na moja na alfajiri, 05:00. Jibu likirudi "Itaanza 00:00, bado saa 3 na dakika 20", hata mwalimu wa jiografia asiyejua kompyuta anaona mara moja kama kuna kosa. Ile ya 06:00 ingemwambia "bado saa 9 na dakika 20", naye angeshtuka kabla hajalala.

Kuhusu lugha: Kiswahili kinafanya kazi. Kinakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inahesabu) nyingi zaidi kuliko Kiingereza kwa maana ile ile, kwa hiyo maelezo marefu yanagharimu kidogo zaidi. Mimi naandika kwa Kiswahili kwa sababu sentensi za watumiaji ni za Kiswahili, na mitego yenyewe (futa, shusha, saa sita) haipo kwa Kiingereza. Majina ya hali kama "complete" na "paused" yaache kama aria2 inavyoyarudisha.

---

mkutubi_kisumu

Mwalimu, pole sana. Dada wa Tanga ameeleza vizuri na mimi nakubaliana naye karibu kwa yote. Naongeza mambo mawili kutoka maktaba yetu, ambako tunatumia qBittorrent.

Maelezo mazuri hayawezi kuchukua nafasi ya ukaguzi ndani ya kodi. Tuliandika kwa herufi kubwa kwamba wakala asifute kitu bila kuuliza. Alitii kwa wiki kadhaa. Siku moja msaidizi mpya akaandika "safisha zote zilizokwama", na API ya qBittorrent, yaani mlango ambao kodi hupitishia amri, inakubali neno `all` mahali pa kitambulisho. Zikaondoka zote, pamoja na zile zilizokuwa zimefika asilimia 90. Sasa kodi yetu inakataa `all` kwenye kufuta, mwisho wa mambo. Wewe pia kwa aria2 funga folda: usimpe wakala kigezo cha kuchagua popote kwenye diski, mpe majina matatu manne kama "ensaiklopidia", "video", "vitabu", na kodi ijue kila jina ni njia gani. Nenosiri la RPC, njia ambayo kodi yako inaiamuru aria2, likae kwenye kodi. Lisionekane kwenye maelezo hata kidogo.

Kama unatumia itifaki ya MCP ya kuunganisha wakala na zana, ile Anthropic waliyoitangaza Novemba 2024, kuna sehemu ya kutia alama kwamba zana fulani inasoma tu au inaharibu. Zitumie, ila ujue ni vidokezo. Programu inayomwendesha wakala inaweza kuvifuata au isivifuate.

La pili ni ujumbe wa makosa, maana nao ni maelezo, wakala anausoma vile vile. aria2 ikishindwa inarudisha namba: 3 ni faili halikupatikana, 9 ni nafasi ya diski haitoshi. Ukimrudishia wakala "errorCode 9" atajaribu tena, na tena, na tena. Sisi tunamrudishia: "Diski imejaa. Kujaribu tena hakutasaidia. Mwambie mtumiaji achague faili la kuondoa." Anaacha mara moja.

Pia andika sentensi kama 20 jinsi walimu wanavyoandika kweli, na makosa yao ya tahajia, kisha umpe wakala kila ukibadilisha neno kwenye maelezo. Seva ya majaribio isipakue chochote, iandike tu zana ipi imeitwa na imejazwa nini. Bila hiyo utabadilisha neno moja kurekebisha saa, uharibu kasi, na utajua asubuhi.

---

mwl_kemia_njombe

Marahaba dada, na asante sana mkuu wa Kisumu. Nimekaa na majibu yenu Jumamosi nzima.

Nilikusanya sentensi 24 kutoka kundi letu la WhatsApp la walimu, za kweli, nikazinakili zilivyo. Kwa maelezo yangu ya zamani wakala alipatia 11. Kwa maelezo mapya akapatia 21. Nilitenganisha futa, nikabadilisha kasi, nikaandika saa na kipindi kama dada alivyosema, na `all` sikuiruhusu popote.

Tatu alizokosa: moja ilikuwa "vuta ile ya jana", na kusema kweli hata mimi sikujua mwalimu alimaanisha ipi. Nimeongeza kwenye maelezo kwamba mafaili mawili yakilingana na maneno ya mtumiaji, ataje yote mawili aulize. Ya pili alinakili kitambulisho vibaya, tarakimu moja ilibadilika katikati. Sasa nampa majina mafupi, "video-3", "ensaiklopidia-1", kodi ndiyo inayojua kitambulisho halisi cha aria2.

Ya tatu imenishinda. Sentensi ni: "Ianze Ijumaa saa sita usiku." Wakala alijaza kila kitu sawasawa: Ijumaa, 6, usiku. Kodi ikatoa Ijumaa 00:00. Lakini mwalimu aliyeandika anasema alitaka usiku ule baada ya kutoka kazini Ijumaa. Kwa kalenda hiyo ni Jumamosi 00:00. Kodi imewahi kwa siku nzima. Nani amekosea hapa?

---

mpwani_unguja

Salaam aleikum Mwalimu. Mimi si mtu wa seva, ni mfasiri, lakini hili la mwisho nalijua vizuri kwa sababu nimewahi kukosesha watu safari ya boti kwa ajili yake.

Hakuna aliyekosea. Mwalimu wako ameishika Ijumaa mpaka alale. Kalenda ya kompyuta inaibadilisha siku katikati ya usiku, ambapo watu wetu hawabadilishi chochote. Wazee kwetu wanabadilisha siku jua likizama, kwa hiyo mzee wa hapa akikwambia "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia ule unaoitangulia Ijumaa, ambao wewe unauita Alhamisi usiku. Maana hizo zote zinaishi kwa pamoja, tena katika mji mmoja.

Lakini lugha yenyewe ina njia ya kuondoa utata, na kila taarifa ya habari huitumia: usiku wa kuamkia. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" hauna maana mbili, awe msemaji ni wa Unguja au wa Njombe. Kwa hiyo usimpe wakala kigezo kiitwacho "siku". Mpe hiki:

```
   usiku_wa_kuamkia: siku ambayo mtumiaji ATAAMKA baada ya usiku huo.
        Akisema "Ijumaa saa sita usiku", muulize:
        "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi?"
```

Hakuna mwalimu atakayeshindwa kulijibu swali hilo. Ni swali ambalo hata mtu angemuuliza mwenzake.

---

dada_seva_tanga

Hili sikuwa nalo hata mimi, na nina zana ya kupanga chelezo za usiku inayotumia "siku". Naenda kuibadilisha leo. Ahsante sana mpwani.

Mwalimu, angalia kitu kimoja kwenye kodi: saa tano usiku wa kuamkia Jumamosi ni 23:00 ya Ijumaa, saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi ni 00:00 ya Jumamosi. Usiku ni mmoja, tarehe ni mbili. Saa 1 hadi 5 za usiku ondoa siku moja, kuanzia 6 iache kama ilivyo. Weka sentensi mbili kwenye yale majaribio yako 24, moja kila upande wa saa sita.

---

mwl_kemia_njombe

Nimeziweka, sasa ziko 26. Zote mbili za usiku zimepita, na ile ya Ijumaa sasa wakala anauliza kabla ya kupanga.

Leo nimemwachia mwalimu wa jiografia aandike mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa pembeni bila kusema neno. Aliandika: "ile ensaiklopidia ya siku ile iendelee leo usiku saa sita bando likianza." Akaulizwa kama ni usiku wa kuamkia Alhamisi, akajibu ndiyo. Kisha ikaja: "ensaiklopidia-1 itaendelea 00:00, usiku wa kuamkia Alhamisi, bado saa 7 na dakika 5. Imefika asilimia 38. Itasimama 05:00." Akahesabu kwa vidole kutoka saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni mpaka saa sita, akatikisa kichwa kukubali, akafunga kompyuta akaenda kusahihisha madaftari.

Kesho asubuhi nitaingia stoo kabla ya paredi kuangalia imefika wapi.